Usukani Mkuukuu wa Gemu: Tuubadili au Tuukarabati?

Hoja iliyo mezani ni hii. Kijana wa Tabora ana usukani wa gemu aina ya Logitech G27, ulioingia sokoni mwaka 2010, pamoja na pedeli zake tatu na mkono wa gia. Bado unafanya kazi. Je, auuze akanunue wa kisasa, au abaki nao na kuutengeneza?

Mtu anaweza kusema hilo ni swali la mchezo tu. Mimi silioni hivyo. Ndani yake mna fedha ngumu kupatikana, mna ufundi wa mitaani, mna umbali kati ya Tabora na bandari, na mna hamu ya vijana wasio na gari kujifunza kuendesha kwa kasi na kwa nidhamu. Kwa hiyo ninaliweka mbele ya sauti nne. Sikuzipa majina, kwa sababu kila moja inabeba msimamo wa wengi. Kijana ndiye mwenye usukani, na anataka kubadili. Dada ana chumba cha gemu na anahesabu mapato ya kila wiki. Fundi anatengeneza redio, simu na kompyuta. Mzee ni dereva mstaafu wa malori aliyeijua njia ya Singida, Igunga, Nzega hadi Tabora tangu haijawekwa lami.

Kinachosikika mikononi

KIJANA: Shikamoo mzee. Dada, fundi, habari za leo. G27 ina mota mbili ndogo zinazouzungusha usukani kupitia meno. Unapokata kona, meno yanagongana na unayasikia kabla hujaisikia barabara. Siku hizi meno yameondolewa, na usukani unafungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota. Angalieni nguvu zake. G29, iliyoifuata G27 mwaka 2015, inatoa kama newtoni-mita 2 tu. CSL DD ya Fanatec, iliyotoka mwaka 2021, inaanzia 5, na ukiipa adapta kubwa inafika 8. G PRO ya Logitech ya mwaka 2022 inafika 11. Sitafuti sifa. Nataka kulisikia tairi linapoanza kuteleza, nilidake kabla gari halijaenda.

MZEE: Marahaba mwanangu. Lakini nguvu nyingi ni za nini? Malori ya zamani yasiyo na pawa yalikuwa mazito mikononi, wala hatukuyasifia kwa uzito huo. Tulisifia usukani unaosema kweli. Ukiingia kwenye mchanga unalegea, ukipanda jiwe unakaza. Huo wako hausemi kweli?

KIJANA: Unasema mzee, ila uwezo wake una kikomo. Kona ikiwa kali sana, mota zinafika mwisho. Nikipita juu ya jiwe hapohapo kwenye kona, silisikii, kwa kuwa hakuna nguvu iliyobaki ya kunieleza.

FUNDI: Hapo umesema jambo la kweli, lakini dawa yake ya kwanza haiuzwi dukani. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, punguza nguvu ya usukani. Vijana wengi wanaiweka asilimia 100 wakidhani wanapata zaidi, kumbe ndipo mota zinapofika mwisho mapema. Ukiishusha, kona inakuwa nyepesi mkononi, lakini jiwe linarudi, na tuta linarudi. Umeshajaribu?

KIJANA: Nimeshusha kidogo.

FUNDI: Shusha zaidi, kisha endesha wiki nzima bila kugusa kitu. Mkono unahitaji muda wa kuzoea.

DADA: Nami nina langu. G27 ilitengenezwa zama za PS3. Ukiichomeka kwenye PS4 au PS5 haitambuliki. Chumba changu kina PS4, basi usukani huo hata nikipewa bure hauna kazi kwangu. G29 inaingia PS3, PS4, PS5 na kompyuta.

KIJANA: Mimi natumia kompyuta, dada, na programu ya zamani ya Logitech bado inaitambua.

DADA: Ndiyo maana jibu langu na jibu lako hayawezi kuwa moja, mdogo wangu. Kabla ya kuuliza usukani upi ni bora, uliza chombo ulicho nacho kinautambua upi. Mtu wa PS4 mwenye G27 hana mjadala: auuze kwa mwenye kompyuta, anunue unaoingia kwake.

Kinachookoa gari

MZEE: Mmezungumza mikono muda mrefu. Gari linaokolewa na mguu. Ukitoka Singida kuja Igunga unateremka Sekenke. Ukiwa na mzigo, unaingiza gia ndogo ungali juu, kabla hujaanza kushuka. Injini inalishika gari, na breki unaigusa na kuiachia ili isichemke. Waliofanya haraka pale, usukani wao ulikuwa mzima. Kilichowaangusha ni breki. Hizo pedeli zako zikoje?

KIJANA: Ya breki inarukaruka. Naikanyaga kidogo, gari linafunga tairi ghafla.

FUNDI: Hilo ni vumbi. Chini ya kila pedeli ya G27 kuna potenshomita, ile ile tunayoikuta kwenye kitufe cha sauti cha redio. Kiangazi cha Tabora kikianza, vumbi linaingia, na ile breki inatuma namba za ovyo. Inafunguliwa, inasafishwa kwa dawa ya kusafishia viunganishi, na ikiwa imekwisha inabadilishwa. Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo penye hoja yenyewe. Hata ikiwa safi, potenshomita inapima pedeli imeshuka sentimita ngapi. Haijui umekanyaga kwa nguvu gani.

MZEE: Na mguu wa binadamu haukumbuki sentimita.

FUNDI: Hasa. Mguu unakumbuka uzito. Ndiyo maana pedeli bora zinatumia kihisi cha uzito, kile kile kilichomo ndani ya mizani ya umeme ya dukani. Ukikanyaga kwa uzito ule ule, gari linapunguza mwendo kwa kiasi kile kile, kila mzunguko.

MZEE: Ngoja nikusahihishe kidogo, fundi, tusije tukampotosha kijana. Lori la breki za upepo haliko hivyo. Pale pedeli inafungua valvu tu, na upepo ndio unaobana. Mguuni husikii mengi, unalisikiliza gari lenyewe. Gari dogo la breki za mafuta ndilo linalokurudishia ugumu: ukisukuma zaidi, pedeli inakaza zaidi.

FUNDI: Ahsante mzee, na hilo linaamua mengi. Kijana, wewe unaendesha nini humo ndani?

KIJANA: Nilianza na mabasi kwenye simu, ile Bus Simulator Indonesia ambayo watu wameiwekea mabasi ya kwetu. Nikaja kwenye Euro Truck Simulator 2. Sasa niko kwenye mbio za rali, hasa hatua za Kenya.

MZEE: Mashindano ya Safari Rally?

KIJANA: Ndiyo mzee. Gemu ya rali ya WRC 9 ilitoka mwaka 2020 ikiwa na Safari ndani yake, wakati mashindano yenyewe ya mwaka huo yalikuwa yamefutwa kwa sababu ya korona. Sisi tuliendesha vumbi la Naivasha kwenye kompyuta kabla Safari haijarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021.

MZEE: Hayo nayajua tangu utoto. Yalianza mwaka 1953, na zama hizo yalikuwa yanazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika.

FUNDI: Basi kama ungebaki kwenye mabasi na malori, ningekwambia usiguse chochote. Kwa kazi hiyo G27 inatosha kabisa. Usukani unazunguka nyuzi 900, klachi ipo, mkono wa gia upo. G29 iliyokuja baadaye inauzwa bila mkono wa gia, unaununua peke yake. Lakini kwenye rali unakanyaga breki kwa nguvu hadi pale tairi linapokaribia kufunga, unashikilia hapo, kisha unaiachia polepole ukiingia kona. Kwa potenshomita unabahatisha. Tatizo lako liko miguuni, nawe unataka kununua dawa ya mikono.

KIJANA: Pedeli za namna hiyo nazo ni ghali, fundi.

FUNDI: Kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni kipande cha mpira mgumu ndani ya springi ya breki, ili pedeli ikaze kadiri inavyoshuka. Kihisi kinabaki kile kile, lakini mguu unapata kitu cha kusukuma. Hiyo inagharimu karibu bure. Ya pili ni kuweka kihisi cha uzito kwenye pedeli hiyo hiyo, na kijibodi cha HX711 kinachokuza ishara yake, na bodi ya Arduino ya kuipeleka kwenye kompyuta. Kijibodi kiwekwe kwenye kasi ya vipimo 80 kwa sekunde, maana kikiachwa kwenye 10 breki itachelewa. Ya tatu ni kununua pedeli kamili. Na pedeli za G27 zinachomolewa kwenye usukani kwa plagi yake, kwa hiyo ukizipatia bodi yake zinajitegemea kwenye kompyuta. Siku ukibadili usukani, pedeli zako unabaki nazo. Kazi ya breki haipotei.

Njia ya kutoka pwani

Hapa naingia mimi mwandishi, kwa sababu jambo hili lina upande ambao hauandikwi kwenye maelezo ya bidhaa: mahali mnunuzi alipo.

Tabora ilikua kutokana na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, zaidi kidogo ya kilo 30, na kila kitu cha pwani kilifika Unyanyembe, eneo la Tabora, mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi. Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alimokaa David Livingstone, ambalo sasa ni makumbusho. Henry Morton Stanley alimwacha hapo mwezi Machi 1872, akaenda pwani kumtafutia wapagazi. Livingstone alisubiri hadi Agosti ndipo watu wakafika na safari ikaendelea. Reli iliwasili Tabora mwaka 1912, na leo kuna lami hadi Dar es Salaam. Muda umepungua sana. Lakini kanuni imebaki: kikikuharibikia Tabora kitu kinachotengenezeka pwani au ng'ambo tu, kazi yako inasimama hadi msaada ufike.

KIJANA: Hiyo ndiyo sababu nataka kipya! Usukani wa moja kwa moja hauna meno ya kuliwa, hauna mkanda wa kukatika, wala mota yake haina brashi za kuisha. Vitu vinavyochakaa ni vichache. Huu wangu, kila mwaka ninaongeza hatari. Na ile sahani ndogo ya plastiki ya kuhesabu mzunguko kwenye G27 inajulikana kwa kupasuka ikizeeka.

FUNDI: Umenibana vizuri. Ni kweli, ikipasuka, katikati ya usukani inahama: unanyoosha mikono, gari linakwenda kando. Lakini watu wametengeneza sahani za chuma za kuweka mahali pake, na kazi hiyo naifanya hapa kwa bisibisi na uvumilivu. Mota zake ni za kawaida za brashi. Ule mpya una vichache vinavyochakaa, nakubali. Ila bodi yake ikifa, imekufa. Sina mchoro wake, sina programu yake, na spea yake haipo Kariakoo. Inabidi urudishwe kwa aliyeutengeneza, nao ni mzito.

DADA: Na huyo aliyeutengeneza awe bado yupo. Endor, kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na jina la Fanatec, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2024, kisha Corsair ya Marekani ikainunua. Safari hii jina liliokolewa. Mimi nanunua vitu vya biashara, na siku hizi nauliza nani atanihudumia mwaka wa tatu.

KIJANA: Kwa hiyo tusinunue kitu kipya milele?

DADA: Sikusema hivyo. Nimesema dhamana isiyofika Tabora usiihesabu kama dhamana.

Fedha na kipaji

DADA: Tuhesabu basi. Bei ya usukani siyo bei ya kubadili. Usukani wa newtoni-mita 8 ukiubana kwenye meza ya kawaida, meza inatembea. Unahitaji stendi na kiti vilivyofungwa imara. Kuna usafiri, kuna ushuru, kuna adapta, na umeme ukiyumba kuna kifaa cha kuulinda. Na mara nyingi pedeli zinauzwa peke yake. Mtu anatangaza amenunua usukani, kumbe amekopa kwa ajili ya vitu vitano.

MZEE: Stendi isimsumbue. Mafundi wa Tabora wanachomelea vyuma kila siku, na mninga wetu unabeba uzito wowote. Aanze na kiti. Mtu asiyekaa vizuri hawezi kukanyaga breki vizuri.

FUNDI: Mzee amesema kweli. Ukiweka breki ngumu bila kiti kilichofungwa, utajisukuma nyuma wewe mwenyewe.

KIJANA: Lakini wenzangu wenye vifaa vipya wananishinda. Na mchezo huu una mlango wa kutokea. Mwaka 2021 FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, ilianzisha Rally Star, ikatafuta vipaji vya umri wa miaka 17 hadi 26, na njia mojawapo ya kuingia ilikuwa WRC 9. Nisipokuwa na kifaa, mlango kama huo utanipita.

MZEE: Waliotangulia walipita na nini?

KIJANA: GT Academy, shindano la kuwageuza wachezaji wa gemu kuwa madereva wa kweli, lilianza mwaka 2008. Lucas Ordóñez wa Uhispania alishinda, na mwaka 2011 akamaliza wa pili katika daraja la LMP2 kwenye mbio za Le Mans. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda mwaka 2011, akamaliza wa tatu katika daraja hilo mwaka 2013.

FUNDI: Miaka hiyo sukani zisizo na meno wala mkanda hazikuwa vifaa vya nyumbani kwa watu wa kawaida. Na bado kuna watu duniani wanaendesha Richard Burns Rally, gemu ya mwaka 2004, na wanaiheshimu kuliko nyingi za leo.

KIJANA: Wakati huo wote walikuwa na vifaa vya aina moja, fundi. Leo tofauti ipo.

FUNDI: Ipo. Sikatai. Lakini dereva asiyejua kuachia breki polepole hatafundishwa na mota ya newtoni-mita 11. Atayasikia makosa yake vizuri zaidi, basi.

DADA: Mdogo wangu, nikupe kipimo. Endesha hatua ileile mara nyingi, siku tofauti, kisha uangalie muda wako. Kama unapishana na wewe mwenyewe kwa sekunde nyingi, tatizo bado liko kwako au kwenye breki. Siku muda wako ukitulia na unajua hasa ni wapi usukani unakunyima habari, siku hiyo njoo na fedha.

KIJANA: Na nikifika siku hiyo?

DADA: Nunua bila kujilaumu. Na huu usiuweke uvunguni. Mtaani kuna mtoto mwenye kompyuta asiye na usukani kabisa. Kwake G27 yenye breki nzuri ni mwanzo mzuri kuliko wetu sote.

Uamuzi

Kijana amesema kweli kuhusu mota na meno, na anayesema vifaa vipya si bora anajidanganya. Hata hivyo, kwa mtu wa Tabora mwenye kompyuta na G27 inayofanya kazi, uamuzi wangu ni kwamba asiubadili usukani sasa. Abadili breki.

Sababu ni tatu. Kwanza, mchezo anaouendesha unaamuliwa zaidi na mguu unaopunguza mwendo kuliko na mkono unaokata kona, na pedeli zake ndizo zilizo dhaifu. Pili, fedha ya breki haipotei, kwa kuwa pedeli zinaweza kuutumikia usukani wowote atakaokuja kununua. Tatu, kila hatua ya kazi hiyo inafanyika Tabora, kwa mikono ya fundi anayeonekana, na ikiharibika inarudi kwake kesho yake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Safisha potenshomita. Shusha nguvu ya usukani kwenye mipangilio. Funga kiti na stendi. Weka mpira kwenye breki, na fedha ikiruhusu weka kihisi cha uzito. Endesha hadi muda wako utulie. Usukani uwe wa mwisho.

Wapo ambao uamuzi huu hauwahusu. Mwenye PS4 au PS5 hana budi kutafuta usukani unaotambulika huko. Mwenye mabasi na malori peke yake asitumie hata shilingi, maana alichonacho kinamtosha. Na ambaye amekwisha kupita hatua zote hizo, akawa anajua ni kona ipi na jiwe lipi usukani wake haumwambii, anunue wa kisasa kwa moyo mweupe.

Neno langu la mwisho ni kwa vijana wa Tabora, Nzega, Urambo na Kigoma wanaokodolea macho picha za vifaa vya gharama. Kabla ya kutuma fedha ng'ambo, mpelekeeni fundi wa mtaani mlicho nacho akifungue mkiwa mmekaa naye. Mtakijua kifaa chenu, fundi atapata ujuzi mpya, na mtakapokuja kununua, mtajua mnanunua nini.